ZAMU YA USIKU (27): Ule mti kwenye profaili yangu

Tangu nibadilishe picha ya profaili wiki mbili zilizopita, inboksi imejaa. Wengi mnauliza ule mti mweusi ni mti gani. Mmoja kasema ni mbuyu wa kwao Dodoma uliopigwa na radi. Mwingine, na huyu nilisoma naye, kaniuliza kwa upole kabisa kama nimejiunga na Freemason. Hapana jamani. Mshahara bado ni uleule.

Ule si mti. Ni zalio, kondo la nyuma la mtoto, lililotazamwa ule upande uliokuwa unamwelekea mtoto, mishipa ya damu ikianzia kwenye kitovu na kutawanyika kama matawi. Nimelichora kwa mkono wangu, kwa sindano, kwenye bamba la zinki. Bamba likaliwa na tindikali, likapakwa wino, likabanwa kwenye karatasi. Na kondo lenyewe nililolichora limo ndani ya chupa ya fomalini, kwenye kabati la vielelezo la chuo kimoja cha uuguzi, na lilishakuwa humo kabla mimi sijajua hata kushika mkasi wa kukatia kitovu.

Mnanijua, siwezi kujibu kwa kifupi. Mwenye haraka aishie hapa. Na huko mbele kuna habari za watoto waliofariki. Kama kidonda chako bado kibichi, pita tu mama, utarudi siku nyingine.

* * *

Chanzo ni hatua ya tatu ya uchungu. Kwa wasio wakunga: mtoto akishatoka kazi haijaisha, zalio bado. Hapo ndipo akina mama wengi wanapotutoka mikononi, kwa damu. Siku hizi tunampa mama sindano ya oksitosini, mfuko wa uzazi unajikunja, tunavuta kiungamwana kwa utaratibu huku mkono mwingine ukizuia mfuko wa uzazi usifuate, kondo linakuja. Nilikuwa naandaa somo la wanafunzi wa ukunga, nikataka niwaambie zamani ilikuwaje. Nikaingia mtandaoni saa nane usiku, leba imetulia, nikakutana na Mholanzi mmoja anaitwa Frederik Ruysch.

Huyu bwana alizaliwa 1638, akafariki 1731, yaani aliishi miaka 92 enzi ambazo watu walikufa kama kuku. Alianza kama muuza dawa, akasomea udaktari, akawa mwalimu wa anatomia wa madaktari wa upasuaji wa Amsterdam. Mwaka 1668 wakamfanya mkuu wa mafunzo ya wakunga wa jiji. Mkunga hakuruhusiwa kufanya kazi mpaka Ruysch amtahini. Na mwaka 1726, mzee wa miaka 88, akatoa kitabu kuhusu msuli aliosema yeye ndiye kaugundua juu kabisa ya mfuko wa uzazi, ambao kazi yake ni kulisukuma kondo nje. Kwa hiyo wakunga waache pupa ya kuingiza mkono na kulibandua. Msuli wenyewe haupo kwa namna alivyouelezea. Lakini onyo la pupa, mimi na wenzangu tuliowahi kuona mfuko wa uzazi umegeuka nje kama soksi, tunalipigia makofi.

Nilikuwa nimeshapata nilichokitaka, ningefunga simu nilale dakika kumi. Nikateremsha ukurasa kidogo. Ndipo nikaona ile michoro.

Sijui niieleze vipi. Kuna kilima. Juu ya kilima wamesimama viunzi vya mifupa, vidogo, vichwa vikubwa kuliko mabega. Mkunga yeyote anajua kwa kutazama tu: hawa ni wa miezi minne hivi, hawakufika. Kimoja kimeinua uso juu na kimeshika kitu kama zeze, upinde wake ni mshipa wa damu uliokaushwa. Kwenye michoro mingine kipo kinacholia, na kitambaa cha kufutia machozi ni utando laini wa mwili wa binadamu. Kingine kimelala chini kimeshika mdudu yule anayeishi siku moja akiwa na mabawa, halafu basi. Miti iliyowazunguka ni mishipa ya damu. Na kilima? Mawe ya kwenye figo na ya kwenye nyongo. Nikarudia kusoma nikidhani nimekosea. Mawe ya kwenye nyongo.

Haikuwa ndoto ya mchoraji. Ruysch alivitengeneza kweli, kwa mikono, kama dazeni moja hivi, akaviweka kwenye makumbusho nyumbani kwake Amsterdam. Watu walilipa kiingilio.

Ufundi wake ulikuwa hivi. Aliyeyusha nta yenye rangi nyekundu, akaisukuma ndani ya mishipa ya maiti kwa bomba. Ikipoa inaganda, na mshipa mwembamba kama unywele unasimama na rangi yake. Viungo vingine akaviweka kwenye chupa za pombe kali iliyochanganywa na vitu kama pilipili manga, mchanganyiko alioufanya siri miaka na miaka. Fomalini haikuwepo, hiyo ilianza kutumika kuhifadhia miili mwishoni mwa karne ya 19. Lakini watoto wake kwenye chupa walikuwa na mashavu mekundu kana kwamba wamelala. Peter Mkuu, mfalme wa Urusi, alipowaona, inasimuliwa kwamba aliinama akambusu mmoja. Mwaka 1717 akanunua mkusanyiko mzima kwa gilda 30,000, na siri ya dawa ikiwemo. Mamia ya chupa hizo bado zipo Saint Petersburg, kwenye makumbusho yanayoitwa Kunstkamera. Nimeziangalia kwenye picha. Kuna mkono wa mtoto umevishwa mkono wa gauni lenye lesi, pale ulipokatwa pasionekane. Binti yake Ruysch, Rachel, aliyekuja kuwa mchoraji mashuhuri wa maua, ndiye anayetajwa kumsaidia baba yake kwenye mapambo hayo.

Hiyo lesi ilinikamata koo. Maana nasi tunayo yetu. Mtoto akizaliwa mfu tunachukua khanga ya mama, ile safi aliyokuja nayo kumpokelea mtoto, tunamfunga vizuri, tunakunja pembe, tunafunika uso. Mikono yetu ina adabu. Ila nawaambieni ukweli kama mtu niliyefunga khanga nyingi: adabu ile inatusaidia pia sisi tusiangalie.

* * *

Sasa jambo lililoninyima usingizi ni hili. Chupa zimebaki, lakini vile vilima vya mifupa vimepotea. Vyote. Hakuna hata kimoja leo, wala Urusi wala Uholanzi. Tunajua vilikuwepo kwa sababu mtu anaitwa Cornelis Huyberts alikaa mbele yake akavichora, akavitia kwenye mabamba ya shaba, vikachapwa kwenye vitabu vya orodha ya mkusanyiko, vilivyotoka kati ya 1701 na 1716, maelezo kwa Kilatini na Kiholanzi. Mifupa ilitayarishwa ili idumu milele, haikudumu. Karatasi imedumu. Mpaka imenifikia mimi leba, saa nane usiku, chaji asilimia 11.

Wachoraji wa enzi zile walikuwa na msemo wa Kilatini, ad vivum, maana yake kutoka kwenye kilicho hai. Walimaanisha: nimechora kitu kikiwa mbele ya macho yangu, sikunakili kwa mwenzangu. Na waliutumia hata kama kilichokuwa mbele yao kimekufa zamani. Nimeutafakari sana msemo huo.

Mnaweza kuuliza miili ilitoka wapi. Ruysch alikuwa mkuu wa wakunga na, kuanzia 1679, mshauri wa mahakama kwenye mambo ya vifo. Watoto waliozaliwa wafu walimfikia kwa mlango wa kwanza, vichanga waliokutwa wamekufa kwa mlango wa pili. Kuna picha ya rangi aliyoichora Jan van Neck mwaka 1683: Ruysch kasimama, mbele yake mtoto mchanga amefunguliwa tumbo, kondo lipo pale, daktari kanyanyua kitovu kwa vidole viwili, wenzake wamevaa vizuri wanaangalia. Pembeni kavulana, mwanawe, kashika kiunzi cha mtoto mwingine. Ni picha nzuri. Nimeitafuta kila kona, mama hayumo.

Kwenye orodha zake pia hayumo. Jiwe la figo limeelezwa, mshipa umeelezwa, mdudu ameelezwa. Sitamtukana marehemu, maana kwa kazi yake wakunga walisoma na akina mama walipona. Lakini sitamsifu kwa hilo pia.

* * *

Nikataka kujua michoro ya namna ile inafanywaje. Si kusoma, kuona. Hapa Dar es Salaam kazi hii si ngeni, wengi hamjui tu. Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt, ilikuwa na wasanii waliochora kwa tindikali, na George Lilanga, yule wa mashetani wenye masikio makubwa, ni mmoja wa waliopitia pale. Kwa kuulizauliza nikaelekezwa kwa mzee mmoja mbele ya Mbagala. Ana mashine ya kubania ya chuma, nzito kama kitanda cha kujifungulia, imewekwa barazani na kufunikwa turubai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye nesi?"

"Ndiye mimi."

"Basi huogopi tindikali. Ingia."

Siku nne za mapumziko, si mfululizo, nilikwenda kwake. Nitawaeleza alivyonifundisha.

Unalichukua bamba, la shaba kama walivyotumia wakina Huyberts, au zinki kama la kwetu maana ni rahisi. Unalisugua mpaka linang'aa. Unalipasha moto kidogo, unalipaka mchanganyiko wa nta ya nyuki, lami na utomvu mkavu, tabaka jembamba sana. Halafu unaligeuza juu ya moshi wa mshumaa, nta inakuwa nyeusi ti. Sasa unachukua sindano. Hukwangui chuma, hapana. Unafunua nta tu. Kila unapopita, chuma kinachungulia, mstari unang'aa kwenye weusi. Mzee alinigonga kidole mara mbili: "Mwanangu, usikandamize. Unamkuna, humchomi."

Halafu tindikali. Ya naitriki, imezimuliwa kwenye maji, ndani ya beseni la plastiki, nje kwenye upepo. Unalizamisha bamba, na pale penye mistari povu dogodogo linaanza kupanda. Tindikali inakula chuma palipo wazi, penye nta haigusi. Povu likijikusanya linazuia, mistari inaliwa vibaya, kwa hiyo unalifagia taratibu kwa unyoya wa kuku. Ndiyo, unyoya wa kuku. Ukitaka mstari mwepesi unalitoa mapema, unaziba mistari hiyo kwa vanishi, unalirudisha bamba kwa ajili ya ile unayotaka iwe mizito. Dakika ndizo zinazochora. Mimi nilikuwa naangalia saa ya kwenye gauni kama nahesabu mapigo ya moyo wa mtoto, mzee akacheka.

Ukimaliza unafuta nta yote. Unapaka wino bamba zima, unaufuta kwa kitambaa, halafu kwa kiganja. Juu unakuwa msafi, ndani ya mistari wino unabaki. Karatasi iliyoloweshwa, blanketi juu, unazungusha gurudumu. Karatasi inasukumwa mpaka ndani ya zile jeraha za chuma, inautoa wino huko. Ukiibandua inakuja kinyume: kulia kumekuwa kushoto. Ukitaka maandishi yasomeke, uyaandike kigeugeu kwenye bamba, kama lile neno la mbele ya gari la wagonjwa.

Niliposhika unyoya ule niliona kitu ambacho hakuna aliyenieleza kwenye kusoma kwangu kote. Ruysch alijaza nta ndani ya mishipa ili ibaki. Mchoraji wake akapaka nta juu ya shaba ili aiondoe mahali mshipa ulipo. Ni nta ileile ya nyuki. Mmoja anaongeza, mwingine anapunguza, na wote wawili wanaufuata mshipa uleule. Nilimwambia mzee. Akasema, "Hmm," akaendelea kufuta meza.

* * *

Mzee hakutaka nichore kutoka kwenye picha ya simu. Alisema simu imeshakuchagulia cha kuona. Ndipo nikakumbuka kabati la chuo. Mtunza vielelezo aliniruhusu kukaa mle mchana mmoja, chupa ibaki imefungwa, nisipige picha, nichore tu kwa penseli, halafu mchoro niuhamishie kwenye bamba. Sharti zuri.

Kondo kwenye fomalini halina rangi ya kondo. Limekuwa la kijivu lenye ukahawia, kama uyoga mkavu. Kitovu kimejikunja pembeni. Kwa miaka 14 ya kazi yangu sijui nimekagua makondo mangapi. Tunafundishwa: lipo kamili? Kotiledoni, vile vipande vya upande wa mama, vinaungana bila pengo? Utando upo wote? Kwenye kitovu mishipa ni mitatu, ateri mbili na vena moja? Dakika moja au mbili, kwa sababu kipande kilichobaki ndani kinaua. Ukaguzi huo ni wa kutafuta kilichokosekana. Haukuulizi kilichopo kikoje.

Mchana ule nilikaa saa tatu na nusu. Saa ya kwanza nilichora mti wa kawaida tu, ule uliokuwa kichwani mwangu. Kuanzia saa ya pili ndipo nikaanza kuliona hilo kondo lenyewe. Kitovu hakikushikia katikati, kilikaa pembeni, kwa hiyo matawi ya upande mmoja yalikuwa marefu na ya upande wa pili mafupi, manene, kama mti uliosukumwa na upepo wa bahari maisha yake yote. Ateri zinapita juu ya vena zinapokutana, zinavuka kama watu wanaopishana kwenye ngazi. Palikuwa na mshipa mmoja uliokwenda, ukarudi nyuma, ukaenda tena. Kwa nini? Sijui. Mwili una sababu zake. Ule mzunguko mdogo mnaouona chini kulia, ambao mmoja wenu kauita nyoka, ndio huo. Kwenye chupa upo kushoto.

Lebo ya chupa ilikuwa imepigwa taipu: kondo la nyuma, wiki 38. Basi. Mtoto alizaliwa hai au la, haisemi. Nani alimzaa, haisemi. Huku kwetu zalio si takataka. Kuna familia zinakuja na mfuko au chungu, bibi anasubiri mlangoni, linakwenda kuzikwa nyumbani, mtoto ajue ardhi yake. Kuna wanaosema tulichome tu, nao tunawasikiliza. Ila hili la chupani, sidhani kama kuna bibi aliyeulizwa. Yawezekana mama aliulizwa akakubali kwa moyo mkunjufu, wapo wanaokubali. Lebo ndiyo imenyamaza.

Kwa hiyo kwenye bamba langu, pembeni kabisa, nikaandika kigeugeu kwa herufi ndogo neno moja: MAMA. Mkikuza picha mtaliona. Mzee alisema limeharibu mpangilio. Kisanaa yuko sahihi, mimi nimeliacha.

* * *

Haya ninayoandika sasa nimemwomba ruhusa mwenyewe, na nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike.

Baada ya siku zile za sindano na saa tatu na nusu za chupa, macho yangu yaligoma kurudi kwenye haraka ya zamani. Nikimpokea mtoto mfu, kabla ya khanga, namwangalia. Dakika mbili, tatu. Nywele, paji, masikio, vidole, kucha. Siandiki insha, natazama tu kama mtu atakayekuja kuulizwa. Halafu namuuliza mama kama anataka kumwona. Wapo wanaosema hapana, na hapana yao ni hapana, simlazimishi mtu. Wapo ambao mama mkwe anajibu kwa niaba yao kabla hawajafungua mdomo. "Asimwone, atazidi kuumia." Namwambia, "Bibi, nimekusikia. Sasa naomba nimsikie na yeye."

Huyu mama ninayemsema alikuwa kwenye upasuaji. Mtoto alishafariki kabla hatujamtoa. Yeye mwenyewe alipoteza damu nyingi, akalala siku mbili hajitambui vizuri. Wanaume wa familia wakaja wakachukua mwili, wakazika jioni ileile, kama inavyotakiwa kwao. Alipokuja kuwa na akili kamili, hapakuwa na kitu. Tumbo limeshonwa, mikono mitupu, na ndugu waliokubaliana kutolitaja tena jambo hilo. Kwenye rejista yetu kuna safu ya jinsia, safu ya uzito, na safu ya hali alivyozaliwa. Wa kiume. Kilo 2.9. Mfu.

Mwaka huu amekuja kliniki, ana mimba ya pili. Nilikuwa nampima presha. Akanitazama muda mrefu, akasema:

"Nesi, si ndiye wewe uliyekuwepo siku ile?"

"Ndiye mimi, mama."

"Ulimshika?"

"Nilimshika. Nilimfunga mimi mwenyewe."

Nikamfungua mkanda wa presha. Akawa anaangalia mkono wake, si mimi.

"Alikuwaje?"

Nikamwambia. Alikuwa na nywele nyingi, zimeshuka mpaka kwenye paji, na nyuma ya shingo zimefanya kona. Vidole virefu, kucha zimepita ncha. Kidevu kimegawanyika kidogo hapa. Na sikio la kushoto, juu, lilikuwa limejikunja, kama mtu kakunja ukurasa wa kitabu.

Akaweka mkono mdomoni. Nikadhani analia, na alikuwa analia, lakini pia alikuwa anacheka.

"Sikio la baba yake," akasema. "La baba yake kabisa. Nimeolewa nalo."

Akaniomba nirudie la nywele. Nikarudia. Foleni nje ilikuwa ndefu, mtu akagonga mlango, nikasema subiri. Akauliza kona ya nywele ilielekea upande gani. Nikafumba macho kidogo nikamwona tena, nikamwambia kulia. Akashika shingo yake mwenyewe pale nyuma, upande wa kulia, akakaa hivyo.

* * *

Mnaotaka kununua nakala, asanteni, siuzi. Ziko sita tu. Moja kaibakiza mzee, moja nimeipeleka kwa mtunza vielelezo, naye kaibandika ndani ya mlango wa kabati.

Na wakunga wenzangu mnaoniuliza kama kuna mahali pa kuandika mambo hayo: rejista haina safu yake. Mimi naandika kwenye faili la mama, chini ya maelezo ya uzazi, mstari mmoja. Wiki iliyopita mkuu wa wodi alikuwa anapitia mafaili, akasimama kwenye moja. Akasoma kwa sauti: "Vishimo kwenye mashavu yote mawili. Vidole vya miguuni, cha pili kirefu kuliko gumba." Akaniuliza, hii ni dalili ya nini?

Nikamwambia si dalili, mkuu. Ndivyo alivyokuwa.

Akashika peni yake kama anayetaka kukata mstari. Akasoma tena, akageuza ukurasa.

Naingia zamu saa mbili usiku. Maswali yaacheni hapo chini, nitajibu leba ikitulia.